Kuvuka Ghuba ya Ufini

Tiketi ya meli tuliikatia mezani, baada ya chakula cha usiku, nyumbani kwa mdogo wangu huko Vantaa, mji uliopakana na Helsinki. Shemeji, mume wake, ni mtu wa Uvira, huko Kongo, aliyehamia Ufini miaka mingi iliyopita. Ana gari la mizigo na kazi zake ni za ujenzi mdogo mdogo. Safari hii alikuwa anakwenda Tallinn, mji mkuu wa Estonia, kuchukua fremu za madirisha za mteja wake. Aliponiona nimejikunyata siku nzima karibu na kipasha joto akasema, "Shemeji, twende pamoja. Ni masaa mbili tu ku maji. Wewe mutu wa Mwanza, utaogopa maji?"

Nilikubali palepale. Mimi nimekulia majini, katika Ziwa Viktoria. Pantoni la Kigongo nimelipanda tangu nikibebwa mgongoni, meli ya Bukoba nimelala ndani yake, na Ukara nimekwenda kwa mtumbwi wa injini nikiwa nimepakata kuku wa watu. Nilitaka kuona wenzetu wanavukaje.

Simu ikaanza kuuliza maswali. Jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Jinsia. Uraia. Tarehe ya kuzaliwa. Kisha ikageukia gari: namba zake, urefu wake, kimo chake. Katika mitumbwi yetu ya visiwani swali ni moja tu, nauli iko wapi. Nikamwuliza shemeji, meli inataka tarehe yangu ya kuzaliwa ya nini? "Iko sheria ya huku," akajibu huku akibonyeza. "Bila hiyo, tiketi haitoke." Jibu halikunitosheleza, nikalala nalo.

Asubuhi tukaelekea Länsisatama, bandari ya magharibi ya Helsinki. Nilitarajia mahali pa kelele, mbali na watu, penye ukuta mrefu na geti la askari. Kumbe iko katikati ya makazi, mtaa unaoitwa Jätkäsaari. Kuna maghorofa mapya, mama anasukuma kigari cha mtoto kwenye theluji, tramu inapita, na katika barabara hiyohiyo malori yenye trela kutoka Estonia, Latvia, Lithuania na Poland yanatembea taratibu kama yanaomba radhi. Makontena yalihamishiwa bandari ya Vuosaari, pembezoni mwa mji, mwaka 2008. Malori yanayovuka kwenda Tallinn yamebaki mjini kwa sababu hupanda meli moja na abiria. Na abiria ni wengi ajabu. Mwaka 2019 bandari ya Helsinki ilipitisha watu zaidi ya milioni 12, wakati nchi nzima ya Ufini ina watu milioni 5 na nusu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba bandari hii haina anasa ya kuchelewesha mtu. Malori yakisimama foleni nusu saa tu, foleni hiyo inaingia mtaani, inaziba tramu, inafika mlangoni mwa shule. Mji umefikia hatua ya kupanga kuchimba handaki ili magari ya bandari yapite chini ya ardhi. Lakini kabla ya handaki, kazi kubwa inafanywa na kamera.

Niliiona ya kwetu tulipokaribia kibanda cha kukagulia tiketi. Ilikuwa ndogo, imefungwa kwenye nguzo, haikumulika wala kulia. Shemeji alikuwa bado anahangaika kushusha kioo kilichoganda kwa barafu, na dada aliyekuwa kibandani alikuwa ameshajua sisi ni nani. Kamera ilikuwa imesoma namba za gari, mfumo ukazitafuta kwenye tiketi za meli ya saa 4:30 asubuhi, ukamletea majina yetu wote wawili mbele yake. Alitazama pasipoti yangu, akanitazama mimi, akatabasamu, akatupa kikaratasi chenye namba ya mstari wa kusubiria. Hakuandika neno hata moja. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya mimi ni nani na nimefuata nini, nikabaki nayo mdomoni.

Tukaegesha kwenye mstari wetu. Jirani yetu alikuwa dereva wa lori, mtu mnene wa makamo mwenye kikombe cha kahawa, aliyefahamiana na shemeji kwa kuonana bandarini hapo mara kwa mara. Walizungumza Kifini na shemeji akawa ananitafsiria. Niliuliza swali lililokuwa linanichoma: hapa malori husubiri siku ngapi? Dereva alidhani hakusikia vizuri. Alipoelewa kwamba ninauliza siku, alicheka kwa upole, akanionyesha simu yake. Nafasi ya lori lake kwenye meli alikuwa nayo tangu jana, kabla hajapakia mzigo. Saa ya kufika getini anaijua. Meli ikichelewa, ujumbe unamfikia akiwa bado barabarani. Ulaya dereva wa lori haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 4 na nusu bila kupumzika dakika 45, kwa hiyo huyu bwana anapanga safari yake ili mapumziko yake yaangukie ndani ya meli. Anakula, ananyoosha miguu, na wakati huohuo mzigo unasogea.

Nikakumbuka Kigongo. Wanaotoka Kanda ya Ziwa wanajua ninachosema. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, lori la nyanya lingeweza kufika ukingoni asubuhi na dereva asijue kama atavuka adhuhuri au usiku. Kilichomuumiza zaidi ya kule kusubiri kilikuwa kutojua. Mwenye kujua atasubiri saa nne anaweza kulala, anaweza kumpigia mnunuzi simu, anaweza hata kuchelewa kutoka shambani. Asiyejua anakaa kwenye usukani na macho makavu, akiogopa kupitwa. Yule dereva wa Helsinki alikuwa amepewa kitu ambacho kwetu tajiri na maskini walikuwa wanakikosa sawasawa pale ukingoni, yaani uhakika wa saa.

Kisha meli ikaanza kutumeza. Inaitwa Megastar, ilijengwa Turku hukuhuku Ufini, ikaanza kazi mwaka 2017. Ina urefu wa mita 212 na inabeba abiria 2,800. Inatumia gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika. Kilichonishangaza ni kwamba magari huingia kwa ghorofa mbili kwa wakati mmoja. Daraja la juu linapeleka magari sitaha ya juu, la chini linapeleka malori sitaha ya chini, hakuna anayemsubiri mwenzake. Taa inageuka kijani, mstari mzima unaondoka, taa ya mstari wa pili inafuata. Hakuna aliyepiga honi. Hakuna aliyechomekea. Meli hii hufika, ikateremsha mamia ya magari na maelfu ya watu, ikapakia wengine, ikaondoka tena, yote hayo ndani ya saa moja.

Nilimwacha shemeji akitafuta chai, nikapanda sitaha ya nje kuangalia meli inavyofunguliwa. Baridi ilinikata masikio, lakini sikutaka kukosa. Nyumbani hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote: mabaharia wanarushiana kamba nene kama mguu wa mtu, mmoja gatini anapiga kelele, mwingine kwenye meli anajibu, watoto wanapunga mikono. Nikachungulia chini kutafuta kamba. Sikuona. Nikatafuta watu wa gatini. Hakuna mtu. Kilichokuwapo ni mabamba makubwa yaliyojitokeza kwenye ukingo wa gati na kunata ubavuni mwa meli, vile ruba anavyonata mguuni mwa mkulima wa mpunga. Yanafanya kazi kwa kunyonya hewa. Yanajibandika kwenye chuma cha meli, pampu zinanyonya, na meli yote ile inakaa tuli. Vihisio vilivyomo ndani vinapima muda wote nguvu ya mvutano wa meli, na mikono inayoyashika mabamba inasogea na kurudi kulingana na mawimbi. Ilipofika saa 4:30 kamili mabamba yakaachia, yakarudi nyuma kwa pamoja, na meli ikajitenga na gati bila hata mtikisiko.

Nilijiuliza, wamepata nini kwa mitambo ya gharama namna ile? Kamba si zinatosha? Jibu nililipata baadaye na likanifurahisha, maana ni hesabu ambayo nahodha yeyote wa ziwani angeielewa. Kufunga kwa kamba huchukua dakika kadhaa, mabamba hukamata kwa sekunde. Dakika zilizookolewa gatini zinahamia baharini: meli inaweza kwenda polepole zaidi na bado ikafika kwa saa yake. Na meli ni mlafi wa mwendo. Wahandisi hukadiria kwamba ukitaka mwendo mara mbili, nguvu ya injini inatakiwa iongezeke karibu mara nane. Kupunguza mwendo kidogo tu, basi, kunaokoa mafuta mengi, na moshi unapungua. Zaidi ya hayo hakuna kijana anayesimama kwenye barafu katikati ya kamba zilizokazwa. Kamba ya meli ikikatika huua, na hilo kila bandari inalijua.

Bahari ilikuwa imeganda. Nimeandika sentensi hiyo na bado naona kama natia chumvi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Karibu na ufuo, maji yalikuwa vipande vyeupe vilivyosukumana, na meli ilipita juu yake kwa sauti ya kusaga iliyopanda miguuni. Tulipofika mbali kidogo maji yakawa meusi na wazi. Nilisimama dirishani kwa muda mrefu, nikiwa sitaki kuketi.

Ndani ya meli palikuwa kama stendi ya mkoa iliyotulia. Mafundi wa Kiestonia waliokuwa wanarudi makwao mwisho wa juma, wazee wa Kifini wenye vigari vya kubebea bia, kwa kuwa Tallinn bia ni nafuu, wanafunzi, familia zenye watoto. Kuanzia Estonia ilipoingia katika eneo la Schengen mwishoni mwa 2007, mpaka wa nchi hizi mbili hauna foleni ya pasipoti. Watu wanavuka kilomita 80 kwenda kazini na kurudi. Nami nikawa nawatazama na kujiuliza lile swali la usiku uliopita. Wote hawa, kila mmoja ametoa tarehe yake ya kuzaliwa?

Tallinn tulifika saa 6:30 mchana. Nilikaza mkanda nikisubiri ukaguzi. Haukuwapo. Daraja likashushwa, magari yakatoka, na kabla sijamaliza kuvaa glovu tulikuwa barabarani, mbele yetu minara ya mji mkongwe na mapaa mekundu yaliyofunikwa theluji. Shemeji alikwenda kwa muuza madirisha. Mimi nikatembea.

Si mbali na bandari kuna mnara mnene wa mawe uitwao Paks Margareeta, na karibu yake, kwenye majani yaliyolala chini ya theluji, kuna mstari mrefu wa chuma uliopinda, umekatika hewani. Ni kumbukumbu ya meli ya Estonia. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1994 meli hiyo, iliyotoka Tallinn kwenda Stockholm, ilizama katika dhoruba. Walikuwamo watu 989. Walikufa 852.

Nilisimama pale na swali la tarehe ya kuzaliwa likapata jibu lake. Miaka minne baada ya ajali ile, mwaka 1998, Umoja wa Ulaya ulitoa agizo: meli ya abiria isiondoke bandarini kabla watu waliomo hawajahesabiwa, na kama safari ni ya zaidi ya maili 20 za baharini, yaandikwe majina, jinsia na umri. Mwaka 2017 agizo likarekebishwa, uraia na tarehe ya kuzaliwa vikaongezwa, ili taarifa hizo ziende kwa njia ya kielektroniki kwenye mfumo wa serikali, na zifike si zaidi ya dakika 15 tangu meli ilipoondoka. Yaani tulipokuwa tunatazama barafu ya Helsinki, majina yetu yalikuwa yameshafika nchi kavu na kukaa huko. Meli ingepatwa na lolote, waokoaji wangejua wanatafuta watu wangapi, watoto wangapi, na nyumba gani zipigiwe simu.

Mtu wa Mwanza hawezi kusimama mbele ya chuma kile akamfikiria Mwestonia peke yake. Tarehe 21 Mei 1996, mv Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Orodha iliyokuwapo ilikuwa ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo ukiuliza walikufa wangapi utapewa makadirio, na katika makadirio hayo wamepotelea wauza ndizi, wanafunzi, mabibi waliokuwa wanakwenda kuona wajukuu, watu waliolipa nauli ndogo. Mtaani kwetu kuna nyumba iliyowasubiri watu wake kwa miaka, kwa sababu hakuna karatasi iliyosema waliingia.

Kisha mv Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018, mita chache kutoka gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kivuko kilichotakiwa kubeba watu 101 kilipinduka na kuua zaidi ya 220. Taarifa zilizotolewa siku zile zilisema kwamba mkata tiketi alikuwa miongoni mwa waliokufa, na mashine yake yenye kumbukumbu za tiketi ikapotea majini pamoja naye. Tafakari hilo. Mashine ilikuwapo. Teknolojia ilikuwapo. Lakini hesabu ilipanda chomboni pamoja na watu iliowahesabu.

Nilitembea mpaka vidole vikafa ganzi. Naiona hivi: thamani ya mitambo yote niliyoiona, kamera, skrini, simu, mabamba yanayonyonya, ni nyepesi ukilinganisha na kitu hiki kimoja, kwamba kabla meli haijaachia gati kuna mtu nchi kavu anayejua ni nani wamo. Dakika zinaweza kusubiri. Mafuta yanaweza kusubiri.

Usiku shemeji alinisimulia habari za Waestonia na kompyuta zao kwa heshima kubwa. Ni taifa la watu milioni 1.3 tu, na walikuwa wa kwanza duniani kupiga kura za nchi nzima kwa intaneti, katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2005. Hivyo sikushangaa sana asubuhi iliyofuata tuliporudi Vanasadam, bandari yao ya mji mkongwe, madirisha yakiwa yamefungwa vizuri nyuma ya gari, na kukuta kwamba safari hii hata yule dada wa kibandani hayupo.

Mfumo wao unaitwa Smart Port. Tuliingia taratibu kwenye lango, kamera ikasoma namba, na mbele yetu skrini kubwa ikawaka. Ikaandika namba za gari letu, ikaandika namba ya mstari wa kusimama. Basi. Nilipiga kelele ya furaha, shemeji akaniangalia kwa mshangao, yeye ameshazoea. Mimi sijawahi kuona kitu cha serikali wala cha kampuni kinaniita kabla sijajitambulisha. Gari lililokuwa nyuma yetu halikuwa na tiketi, na skrini ikalielekeza pembeni, kwenye dirisha lenye mtu, bila kutuzuia sisi wengine. Tulipofika kwenye mstari tukakuta taa juu yake, nyekundu. Kazi yetu ilikuwa kuitazama.

Nikashuka nikazungumza na mfanyakazi aliyevaa koti la njano, kijana aliyejua Kiingereza. Nilimwuliza, theluji ikiziba namba za gari je? Akatoa kifaa mfukoni, mfano wa simu nene, akanionyesha. Kamera ikishindwa, yeye anatembea hadi kwenye gari, anaandika namba kwa mkono, na kazi inaendelea. Mzee aliyeishiwa chaji anasaidiwa na yeye huyohuyo. Nilimpenda kijana yule. Mashine ilikuwa imemwondolea kazi ya kunakili namba za magari kutwa kucha, ikamwachia ile ya kushughulika na mwenye shida.

Akaniambia jambo ambalo nisingeliona mwenyewe. Zamani eneo kubwa la bandari lilikuwa uwanja wa magari yanayosubiri. Gari likifika kwa saa yake na kuondoka kwa saa yake, halihitaji uwanja mkubwa, na ardhi ile iliyo hatua chache tu kutoka mji mkongwe inageuka kuwa mali. Bandari ya Tallinn imeuchora upya mji wake wa pwani, mpango ukachorwa na kampuni ya Zaha Hadid, na tayari kuna daraja la miguu linalofunguka kupisha mashua, na jengo la meli za kitalii ambalo watu hutembea juu ya paa lake. Helsinki na Tallinn zimekuwa zikirekebisha bandari zao kwa pamoja, katika mradi uitwao Twin-Port uliochangiwa na Umoja wa Ulaya. Hilo nalo lina maana. Mlango wa kuingia ukiwa mwepesi na wa kutokea ukiwa mzito, foleni imehama tu upande.

Nitasema pia kilichonisumbua. Nilipotazama mistari ile iliyonyooka, sikuona mama lishe. Sikuona kijana wa kubeba mizigo, wala mwenye karanga, wala karani aliyezeekea kazini. Daraja la Kigongo lilipofunguliwa tulishangilia, na haki yetu, lakini akina mama waliokuwa wanauza samaki wa kukaanga kwenye foleni ya pantoni walilazimika kuanza upya. Bandari isiyo na foleni ni bandari isiyo na wateja wa kusimama. Kwa hiyo sitaki mtu arudi kutoka Ulaya akatuambia tununue kila kitu nilichokiona. Mabamba ya kunyonya yanafaa meli inayokimbizana na saa moja ya kukaa gatini katika baridi ile. Kwetu wafunga kamba wapo, wanajua kazi, na mishahara yao inalisha nyumba. Kuhesabu watu ni jambo jingine. Hakumwondolei mtu kazi, na bei yake si kubwa.

Taa ikawa kijani. Tukaingia.

Katika safari ya kurudi niliketi karibu na dirisha, nikamrekodia binamu yangu wa Bwisya ujumbe wa sauti mrefu. Yeye ana mtumbwi wa injini unaobeba abiria na mizigo kati ya Ukara na Ukerewe, na siku ile ya mwaka 2018 alikuwa mmoja wa waliopiga makasia kwenda kuokoa watu. Nilimweleza kamera, mabamba, skrini iliyotuita kwa namba zetu. Nikamweleza kwa kirefu ile hesabu inayobaki nchi kavu.

Majibu yake yalinikuta tumeshashuka Helsinki, tunatoka bandarini nyuma ya lori la mbao. Habari za kamera hakuzigusa. Alisema abiria wake anawajua karibu wote kwa majina, na kila siku kabla ya kuwasha injini huwa anawahesabu kwa kidole. Daftari analo, ila analiweka ndani ya mtumbwi, chini ya kiti, kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Sasa amewaza hivi: kwenye gati mtandao unapatikana, hata simu ya kitochi inatuma ujumbe. Anaweza kuandika idadi, saa ya kuondoka na jina la chombo, akatuma ndipo ang'oe nanga. Majina atapiga picha ukurasa wa daftari siku atakazokuwa na simu kubwa. Mwanawe wa sekondari anaweza kumsaidia.

"Hiyo naanza hata kesho, kaka," akamalizia. "Niambie tu, nimtumie nani?"